Zafarani, habasoda au vidonge vya hospitali: ipi ya sonona?

Ukiingia duka la dawa za kisuna pale Darajani, mjini Unguja, ukaeleza kwamba nyumbani kuna mtu hali, halali na hataki kusema na watu, hutoki mikono mitupu. Utapewa habasoda na asali, na muuzaji anayeijua kazi yake atakuongezea zafarani. Duka la vidonge la mtaa wa pili watakuuliza cheti cha daktari. Na ukilitaja jambo hilo kwenye grupu la ukoo, haipiti siku mamdogo aliyeko Uingereza au Maskati atasema anakuletea kichupa cha vidonge vya majani ambavyo "huko wanavitumia sana". Vyote hivyo vinasifiwa kwa kazi moja. Lakini nguvu zake hazilingani, hatari zake hazilingani, na viwili kati yake havifai kukutana katika mwili mmoja.

Nimevipima kwa mambo matatu: kama kuna utafiti uliofanywa kwa watu, kama vinagombana na dawa nyengine, na kama unachouziwa hapa Unguja au Pemba ndicho chenyewe. Bei nimeigusa kwenye zafarani tu, maana huko ndiko inakouma.

Kabla ya kuchagua, tazama uzito

Huzuni ya msiba au ya kuachika ina haki yake na haihitaji dawa. Sonona madaktari wanaihesabu pale hali inapoendelea kila siku kwa wiki mbili au zaidi: moyo umezama, mambo uliyokuwa ukiyapenda hayana ladha, usingizi na hamu ya kula vimevurugika, mwili mzito, akili haitulii, na unajilaumu.

Ikiwa nyepesi, mtu bado anakwenda kazini, anapika, anatoka kwenda kuzika, ila kila kitu anakifanya kwa kujiburura. Ikiwa nzito, haogi, hanyanyuki kitandani, chakula kinarudi kilivyo, au anasema afadhali afe. Hii ya pili haina jani. Anayetaja kufa au kujidhuru asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Unguja ni Mnazi Mmoja au Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili. Pemba ni Abdalla Mzee kule Mkoani, Chake Chake au Wete. Mimea yote nitakayoitaja, hata yenye sifa, huchukua wiki kadhaa kuonesha kazi, na mtu wa namna hiyo hana wiki kadhaa za kusubiri.

Jambo jengine ni damu. Upungufu wa damu na tezi ya shingoni iliyolegea vinaweza kumfanya mtu aonekane ana sonona, na hapo utakunywa chai ya majani mwaka mzima bila nafuu. Pima kwanza. Na mzazi ambaye yumo ndani ya arubaini yake, analia bila sababu na hamtaki mtoto, asiambiwe ni uchovu tu utakaokwisha kwa uji wa pilipili manga. Sonona ya baada ya kujifungua ni maradhi kamili, na kwa kuwa ananyonyesha, dawa yoyote ya kumeza, ya miti au ya hospitali, iamuliwe na daktari.

Kichupa cha mamdogo: Hypericum

Huu ni mmea wa maua ya manjano wa Ulaya, hauoti kwetu. Kwenye kichupa utaona St. John's wort, au kwa Kilatini Hypericum perforatum. Kwa upande wa ushahidi hakuna jani linaloufikia. Mwaka 2008 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua majaribio ya tiba, walikusanya majaribio 29 yenye wagonjwa 5,489. Kwa jumla mmea huu ulishinda vidonge vitupu visivyo na dawa, ukaenda sambamba na dawa za kawaida za sonona, na waliouacha kwa sababu ya madhara walikuwa wachache kuliko walioacha dawa za kawaida. Kuna kasoro moja watafiti wenyewe waliitaja: majaribio ya nchi zinazozungumza Kijerumani, ambako madaktari wameuandika kwa miaka mingi, yalitoa matokeo mazuri kuliko ya kwengine. Kiwango kilichozoeleka ni kidonge cha miligramu 300 mara tatu kwa siku.

Kwa hiyo kwa nini nisiupe nafasi ya kwanza? Kwa sababu ya ini. Hypericum hulichochea ini litengeneze kwa wingi vimeng'enya vinavyovunja dawa, basi dawa nyengine nyingi ulizomeza zinatolewa mwilini kabla hazijafanya kazi yake sawasawa. Mgonjwa hasikii chochote. Mchukulie dada mwenye kijiti cha uzazi wa mpango mkononi: anameza vidonge vya mamdogo, moyo unafunguka, anacheka tena na watu, na huku kinga ya kijiti inapungua bila dalili hata moja. Vidonge vya majira navyo hupatwa na hayo hayo. Mwenye kutumia ARV yuko pabaya zaidi. Mwaka 2000 ilionekana kwamba kiwango cha indinavir, dawa ya VVU ya wakati huo, kilishuka kwa zaidi ya nusu kwa watu waliopewa mmea huu. Dolutegravir, ambayo imo ndani ya kidonge kinachotumika sasa, nayo hushushwa. Warfarin ya kuzuia damu kuganda inapungua nguvu. Na dawa mseto ya malaria haitakiwi kabisa kuchanganywa nao. Malaria imepungua sana visiwani, lakini haijahama.

Ukishauacha, ini halirudi katika hali yake siku ya pili yake, huchukua wiki kadhaa. Hilo watu hulisahau.

Ugomvi mkubwa zaidi ni baina yake na dawa za sonona za hospitali, kama fluoxetine. Zote zinapandisha serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hisia, na zikikutana mgonjwa anaweza kutokwa na jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuharisha, homa kupanda na akili kuchanganyika. Hiyo ni dharura ya hospitali. Fluoxetine hukaa mwilini muda mrefu hata baada ya kuiacha, wiki tano hivi, kwa hiyo mchezo wa "nimeacha jana, leo naanza cha mamdogo" ni mchezo mbaya. Mwenye maradhi ya kupanda na kushuka, leo yuko chini kesho ana furaha iliyopita kiasi na halali, naye asiuguse, maana unaweza kumpandisha.

Dogo la mwisho: hufanya ngozi iungue na jua kwa wepesi, hasa kwa dozi kubwa. Kwa mtu wa ofisini si kitu. Kwa mama wa Paje au Jambiani anayeshinda pwani kwenye mwani ni jambo la kufikiria.

Zafarani

Huyu ndiye mpinzani wa kweli wa Hypericum, na bahati nzuri hatuhitaji kuagiza nje ya mtaa. Watafiti wa Tehran katika miaka ya 2000 walijaribu miligramu 30 za zafarani kwa siku, kwa wiki sita, wakailinganisha na imipramine, dawa ya zamani ya sonona, na kisha na fluoxetine, kwa watu wenye sonona nyepesi hadi ya wastani. Matokeo yalikaribiana. Majaribio yalikuwa na watu wachache, na mengi ya mwanzo yametoka Iran, nchi inayoongoza duniani kwa kulima zafarani, kwa hiyo siyapi uzito sawa na yale ya watu 5,489. Lakini yamerudiwa mara kadhaa na mwelekeo haukubadilika, na zafarani haina ule ugomvi wa ini.

Miligramu 30 ni kidogo mno. Uzi mmoja mkavu una miligramu mbili hivi, kwa hiyo ni nyuzi kama kumi na tano. Gramu moja inakutosha mwezi. Majaribio yalitumia dondoo ya zafarani iliyokaushwa ndani ya kapsuli, si nyuzi zilizorowekwa kwenye kikombe, basi usitarajie kikombe chako kilingane nayo sawasawa. Anayeroweka aziroweke kwenye maji ya moto kiasi, azifunike robo saa, anywe na nyuzi zake.

Tatizo ni ghushi. Zafarani ni kiungo cha bei ya juu kuliko vyote, na penye bei hiyo pana ujanja. Tia nyuzi chache kwenye kikombe cheupe chenye maji ya vuguvugu. Ya kweli hutoa rangi ya dhahabu polepole, na uzi wenyewe unabaki mwekundu hata baada ya dakika kumi. Ya bandia humwaga rangi nyekundu papo hapo, na uzi unabaki mweupe kama kamba iliyofuliwa. Ukiutafuna wa kweli ni mchungu kidogo na harufu yake imekaribia asali. Ukiwa mtamu ulimini, umetiwa sukari. Ya unga usinunue, hata kama muuzaji ni mjomba wako.

Hapa lazima niguse kombe. Wengi wetu zafarani tumeijua kwanza kama wino: aya zinaandikwa kwenye sahani nyeupe, zinaoshwa kwa marashi, na mgonjwa anakunywa. Siku hizi wino huo mara nyingi ni rangi ya chakula. Anayekunywa kombe anakunywa maneno ya Mwenyezi Mungu, na hilo halipimwi kwa miligramu. Mimi silipambanishi na kapsuli wala silizuii. Ninachokataa ni kumwambia mgonjwa kwamba kwa kuwa amekunywa kombe basi tayari ameshatumia zafarani ya kutibu sonona. Dawa aipate kwa njia yake, na kombe aendelee nalo.

Hatari zake: kwa kiwango cha chakula ni salama, gramu tano na kuendelea ni sumu. Mjamzito asivuke kile cha biriani, kwa sababu nyingi huweza kuamsha tumbo la uzazi. Anayetumia tayari dawa za sonona amwambie daktari kabla.

Habasoda, manjano na talbina

Hizi nazipita upesi, kwa kuwa kwa sonona ni chakula kizuri zaidi kuliko dawa.

Habasoda ina heshima ya hadithi, kwamba ni dawa ya kila maradhi isipokuwa mauti, na hapa visiwani haikosekani nyumba. Utafiti wake kwa sonona ni mdogo na mwepesi. Inashusha sukari na presha kidogo, kwa hiyo bibi mwenye sukari anayemeza vidonge vyake na kuongeza vijiko vya habasoda asubuhi na jioni anaweza kuanguka. Apime sukari mara kwa mara.

Manjano kidogo yana hoja zaidi, ila hesabu yake inakatisha tamaa. Majaribio yametumia kama miligramu 1,000 za kurkumini, kiini cha manjano, kwa siku, na unga wa manjano una asilimia tatu hivi tu ya kitu hicho. Ungelazimika kula zaidi ya gramu 30 za unga kila siku, na mwili wenyewe haukifyonzi vizuri bila pilipili manga. Mchuzi hautoshi. Kapsuli zenye nguvu zinatosha kwa kipimo, lakini zimewahi kuwaumiza watu ini, na zinaongeza hatari ya kutoka damu kwa mwenye warfarin. Kama ni ya kula, nunua mizizi utwange mwenyewe. Bangladesh iliwahi kugundulika unga uliotiwa rangi yenye madini ya risasi ili ung'ae.

Talbina ndiyo niipendayo katika kundi hili. Ni uji mwepesi wa unga wa shayiri, maziwa na asali, na Bibi Aisha amepokea kwamba unamtuliza moyo mgonjwa na kumwondolea sehemu ya huzuni. Malaysia ulijaribiwa kwa wazee wachache wanaoishi kwenye makao, wakaonesha nafuu. Ushahidi ni mwembamba. Lakini mtu mwenye sonona mara nyingi amekosa chakula, na bakuli la talbina linaingia pale wali ulipokataliwa, tena analetewa na mtu aliyekaa naye mpaka akalimaliza. Haligombani na vidonge vya sonona.

Chai ya mchaichai na mrehani iko hapa pia. Inywe usiku badala ya kahawa ya barazani, kwa ajili ya usingizi. Zaidi ya hapo usiitwishe mzigo.

Mbili za kuziacha

Kungumanga. Inasifiwa kwa kuchangamsha, na wapo wanaoitia kwenye uji kwa mkono wa ukarimu. Ukikwangua kidogo juu ya uji, hakuna neno. Gramu tano na zaidi, ambayo ni karibu kokwa moja zima, huleta moyo kwenda mbio, kinywa kukauka, kutapika na kuona visivyokuwepo, na hali hiyo huweza kudumu siku nzima au zaidi. Kwa mtu ambaye tayari akili yake imechoka, hilo ni kumtupa kisimani.

Mafuta ya karafuu nayo, fahari ya Pemba, ni ya kunusa kwa mbali, kuchulia yakiwa yamezimuliwa, na ya jino. Kuyameza yanaunguza na yanaweza kuharibu ini, na kwa mtoto hata kiasi kidogo ni hatari. Ikiwa fundi anakwambia umeze kijiko, ondoka.

Vidonge vya hospitali

Hofu kubwa kwa hivi si vidonge, ni njia ya kuvifikia. Kuonekana Kidongo Chekundu ni kupewa jina mtaani, na kwa hilo watu huenda kwa fundi watatu kabla ya kwenda kwa daktari mmoja. Unaweza kuanzia kituo cha afya cha mtaani au hospitali ya wilaya, ukaeleza kwamba hulali na moyo umezama; si lazima uanze na geti lile.

Fluoxetine kwa kawaida huanzia miligramu 20 mara moja kwa siku, asubuhi, na kazi yake huonekana baada ya wiki mbili hadi nne. Mwanzoni inaweza kuleta kichefuchefu, kuumwa kichwa na kukosa usingizi, na baadaye kupunguza hamu ya tendo la ndoa, jambo ambalo wagonjwa hawalisemi na wanaacha dawa kimya kimya. Amitriptyline ni ya zamani. Inaleta usingizi, kinywa kukauka, choo kigumu, na haimfai mwenye maradhi ya moyo wala mzee sana. Zote zitunzwe na mtu wa nyumbani, hasa mwanzoni.

Jambo ambalo wapinzani wa hospitali na mashabiki wake wote hulisahau: kwa sonona nyepesi, hata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hauanzi na vidonge. Unaanza na mazungumzo na mtu aliyefunzwa, mwili kufanya mazoezi, usingizi wa mpangilio na kumrudisha mtu kwa wenziwe. Kwa hiyo kwa sonona nyepesi anayechagua zafarani badala ya fluoxetine hajafanya ujinga. Kwa ya wastani inayoelekea kuwa nzito, na kwa nzito, vidonge vinashinda, na hapo sibishani na mtu.

Basi uchague nini

Kama sonona ni nyepesi na hutumii dawa yoyote, mimi ningeanza na zafarani ya kweli kwa wiki sita, talbina, kutembea kila asubuhi na mtu wa kuzungumza naye. Wiki sita zikipita bila mabadiliko, usiongeze nyuzi, nenda hospitali. Hypericum ningempa nafasi mtu mmoja tu: mzima wa mambo mengine yote, hana kijiti, hana ARV, hana presha wala moyo unaotumia dawa, na daktari wake anajua. Watu hao kwetu si wengi kama mamdogo anavyodhani. Mwenye ARV, mwenye warfarin, anayepanga uzazi kwa homoni, wote wasikifungue kichupa hicho. Talbina kwao haina kelele; zafarani nayo ni nafuu, ila mwenye warfarin amuulize daktari kwanza.

Aliyekwisha anzishiwa fluoxetine au amitriptyline aendelee nayo, na chochote atakachotaka kuongeza akitaje kwa jina, pamoja na kichupa chenyewe mkononi. Kusema "natumia dawa za kiarabu kidogo" hakumsaidii daktari kitu. Na fundi naye aambiwe unameza nini. Baadhi yao ni watu makini, na Zanzibar ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kwa ajili ya kuwasajili. Muulize kama amesajiliwa, hatachukia kama ni mkweli.

Ramadhani ndipo wengi wanapokatiza dawa, na hapa tofauti zinaonekana wazi. Fluoxetine ni mara moja kwa siku, inakaa wakati wa daku. Amitriptyline inakaa baada ya futari, karibu na kulala, na ikikulemea wakati wa daku mwambie daktari. Zafarani, ukiwa unaigawa asubuhi na jioni, inageuka futari na daku bila taabu. Hypericum ya mara tatu haipangiki ndani ya usiku mmoja, na kuibana iwe vidonge vitatu kwa pamoja si dozi ile ile. Zungumza na daktari wiki chache kabla ya mwezi kuandama, usingoje siku ya shaka.